Kilomita Tisini na Nne

Mwalimu Gathoni aliwaambia wanafunzi wake wa Gredi ya Sita kwamba hawaendi Kitui kutembea. "Mkiufikia ule ukuta wa kumbukumbu," alisema, "kila mtu atafute somo moja ndani yake, halafu la pili, halafu la tatu. Hisabati imo. Sayansi imo. Kiswahili kimo. Atakayerudi na hadithi ya soda na mandazi peke yake, huyo nitajua hakwenda."

Walikuwa wanafunzi thelathini na wawili kutoka shule moja ya vilima vya Mbooni. Walipanda basi la kuazima alfajiri huku ukungu ukiwa bado umelala juu ya miti ya maparachichi. Walipovuka mto Athi jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, na walipofika Kitui watoto watatu walikuwa wametapika. Mutindi, msichana wa miaka kumi na miwili, hakutapika. Alikaa dirishani, daftari mapajani, akiandika saa walizopita kila soko, kwa sababu alitaka kujua basi lilikuwa likienda kilomita ngapi kwa saa. Ndivyo alivyokuwa. Kitu kikihesabika, alikihesabu.

Ukuta wa kumbukumbu haukuwa mkubwa. Ulikuwa katika bustani ndogo nyuma ya mtaa wa maduka, umejengwa kwa mawe ya kijivu na familia zilizofiwa. Mutindi aliupima kwa hatua zake: kumi na nne. Juu palichongwa majina kumi na tisa ya askari waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Chini ya majina hayo palikuwa na mstari mmoja tu: *Na wapagazi 640.*

Kando, peke yake, lilisimama jiwe jipya jeusi lenye majina saba. Hao walikufa Somalia, miaka hii yetu.

Mutindi aliyasoma yale saba mara mbili, kisha akarudi kwenye ukuta. "Mwalimu, hawa wapagazi hawakuwa na majina?"

Mwalimu Gathoni alimgeukia mtunzaji wa bustani. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mrefu, aliyechechemea mguu wa kushoto. Aliitwa Khalid, mzaliwa wa pale pale mjini Kitui, na zamani alikuwa mwanajeshi.

"Walikuwa nayo," Khalid alijibu. "Aliyekuwa akiandika ndiye hakuona haja."

Aliingia kwenye kibanda chake akatoka na faili la karatasi zilizonakiliwa kutoka rekodi za zamani. Majina hayakuwamo, ila sababu za vifo zilikuwamo, na watoto wakajipanga kuzigawanya katika mafungu. Risasi, thelathini na mmoja. Maradhi, mia tano na kumi na wawili. Hawakuonekana, tisini na saba.

"Asilimia themanini waliuawa na magonjwa," Mutindi alisema kabla ya mtu yeyote kumaliza kugawanya.

"Magonjwa gani?" mwalimu akauliza, naye akageuza somo likawa la sayansi. Kuhara damu. Malaria. Nimonia. Aliwaeleza jinsi watu wale walivyobebeshwa mizigo kutwa nzima, wakapewa unga bila muda wa kuupika ukaiva, wakanywa maji ya madimbwi. Msichana mmoja aliyekuwa akichekacheka aliacha kucheka. Nyumbani kwao wengi walikuwa wakichota maji mtoni kila siku, na ndoo ya lita ishirini waliijua uzito wake.

Lakini Mutindi alikuwa amebaki kwenye fungu la mwisho. Alimfuata Khalid.

"Hawa tisini na saba, walirudi?"

"Hapana."

"Sasa mbona hawakuandikwa wamekufa?"

"Kwa sababu hakuna aliyewaona wakifa."

"Mtu asipoonekana, husubiriwa miaka mingapi?"

Khalid alimtazama. "Siku hizi sheria inasema saba. Kwa nini unauliza?"

"Wangu ana tisa."

"Wako nani?"

"Baba."

Khalid alifunga faili. "Unaitwa nani wewe?"

"Mutindi Mbuvi."

"Kwenu ni wapi?"

"Mbooni. Juu ya Tawa."

Mtunzaji hakuuliza tena. Alimpa Mwalimu Gathoni lile faili, akaenda nyuma ya kibanda akichechemea, na watoto hawakumwona tena. Walipoondoka saa tisa, geti lilifungwa na mama mmoja aliyekuwa akifagia.

*

Nyumbani kwao Mutindi, baba yake alikuwa mtu ambaye hajafika bado. Hivyo ndivyo alivyozungumziwa. Koplo Mbuvi alikuwa katika kambi moja ya jeshi la Kenya huko Somalia iliyovamiwa kabla ya mapambazuko, Mutindi akiwa na miaka mitatu. Waliokufa waliletwa, wakazikwa. Yeye hakuwa miongoni mwao. Miezi mitatu baadaye mwenzake mmoja alikuja hadi Mbooni kwa magongo, akakaa sebuleni, akasema alimwona Mbuvi kwa macho yake akitoka kambini akikimbia kuelekea magharibi, upande wa Kenya. Alikuwa na jeraha la paja. Hakuwa na bunduki wala maji, lakini alikuwa hai.

Maneno hayo ndiyo mama yake, Wayua, aliyoishi nayo. Mlango wa mbele wa nyumba yao haukuwekwa komeo usiku. Wakati mmoja Wayua aliacha biashara yake ya matunda sokoni Tawa, akasafiri hadi Garissa na picha ya mumewe, akawaonyesha wachunga ngamia na wenye mahoteli kwa siku tano. Barua ya jeshi ya kumtaka akubali kwamba mumewe ahesabiwe amekufa alikuwa ameirudisha mara mbili bila kutia sahihi. Mama mkwe wake, Mumbua, ambaye Mutindi alimwita Susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya, alikubaliana naye. Mwanangu anakimbia, alikuwa akisema. Mtu anayekimbia hazikwi.

Mwalimu Gathoni aliwapa wiki tatu kuandaa mradi kwenye karatasi kubwa za manila. Kila mtoto achague mtu mmoja au kundi moja la ukutani, alifuate kwa masomo yote aliyoyapata. Kuna aliyechora mzigo wa mpagazi na kuupima kwa kilo. Kuna aliyetunga shairi. Mutindi alianza na wale tisini na saba, akaandika aya mbili, akakwama. Hakuwa na chochote juu yao. Hakujua walipoanzia wala walikoelekea.

Kulikuwa na mmoja tu asiyeonekana ambaye alijua alikoelekea.

Aliazima atlasi ya mwalimu. Akaitafuta kambi ile, akaweka rula kutoka hapo hadi mpaka wa Kenya. Sentimita sita na nusu. Kila sentimita ilikuwa kilomita ishirini. Akaandika: *Umbali, kilomita 130.* Kisha akafungua kitabu cha sayansi ukurasa wa maji mwilini, na kile alichokosa alimwuliza mwalimu: mtu huishi siku ngapi bila maji kwenye joto kali? Mwalimu Gathoni, akiwa anasahihisha madaftari, alimjibu bila kuinua kichwa kwamba ni kama siku tatu, na kama anavuja damu hata hizo hazifiki.

Mutindi alijaribu mwenyewe. Jumamosi alijifunga paja kwa leso, akaikaza hadi mguu ukawa mzito, akapanda na kushuka njia ya kisimani akihesabu dakika. Alipata kilomita mbili kwa saa. Akafikiri kwamba mtu anayejificha hawezi kutembea mchana kutwa, akampa baba yake saa sita kwa siku. Kumi na mbili mara tatu. Thelathini na sita.

Aliandika yote kwa kalamu ya bluu, vichwa vya habari kwa nyekundu. Jiografia. Hisabati. Sayansi. Chini kabisa akaandika: *Kilomita 130 toa kilomita 36. Jibu: Zimebaki kilomita 94. Baba yangu hakufika.*

Akalipima upya, mara hii kwa kilomita tatu kwa saa, kwa sababu baba yake alikuwa mwanajeshi na mwenye nguvu. Zilibaki sabini na sita. Akampa siku nne. Bado hazikutosha. Akaifuta ile hesabu ya pili na kuacha ya kwanza, kwa kuwa ndiyo aliyoipima.

*

Siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa. Miradi thelathini na miwili ilibandikwa kwa gundi kwenye kuta za darasa. Mwalimu Gathoni alikuwa ameibandika jioni ya jana yake harakaharaka. Kwenye ule wa Mutindi aliona ramani nadhifu na majedwali yaliyonyooka, akauandikia pembeni *Amezidi matarajio*, na mistari ya chini hakuifikia.

Wayua alifika akitoka sokoni moja kwa moja, leso kiunoni, viatu vina vumbi. Alizunguka akitafuta jina la mwanawe. Alipoliona, alitabasamu, akaanza kusoma kutoka juu.

Mutindi alikuwa amesimama kando ya mlango. Aliona tabasamu likiisha kabla hata mama hajafika katikati. Wazazi wengine walikuwa wakiongea, mtu alikuwa akimcheka mtoto wake kwa kumchora ngamia mwenye miguu mitano. Wayua aliendelea kusoma, kidole chake kikifuata mstari kwa mstari. Alipomaliza alibandua karatasi pembe moja baada ya nyingine bila kuichana, akaikunja, akaitia chini ya kwapa.

"Mama Mutindi," Mwalimu Gathoni akaja kwa haraka, "kazi nzuri sana hiyo, bado tutai—"

"Umeisoma yote, Mwalimu?"

Mwalimu aliitazama karatasi iliyokunjwa.

"Isome," Wayua alisema, akaifungua mbele yake. Mwalimu Gathoni alisoma, na mkono wake ukaenda mdomoni.

"Sikuona. Naomba unisamehe. Haki ya Mungu, sikuona."

"Ni mimi niliyemwuliza za maji," Mutindi alisema. "Yeye hakujua ni za nini."

Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ya kupanda, na Wayua alitangulia mpaka kwenye mfereji wa pili. Hapo alisimama.

"Uliandika hivi kwa sababu unataka afe?"

"La, Mwaitu." Mwaitu ndilo jina analomwitia Mkamba mama yake. "Nilitaka kuona kama anaweza kufika."

"Na nani amekwambia umpe saa sita? Nani amekwambia hakupata maji?"

"Ni nyinyi mlisema hakuwa na maji. Na lile paja. Yule mtu aliyekuja ndiye alisema."

Wayua aligeuka, akaendelea kupanda. Baadaye, wakiwa jikoni, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa nani aliwaonyesha ule ukuta. Mutindi akamweleza: mrefu, anachechemea mguu wa kushoto, anaitwa Khalid, na aliposikia jina lake alikwenda nyuma ya kibanda hakurudi.

Wayua aliacha kumenya viazi. "Khalid," alisema. "Yule wa magongo alikuwa Khalid."

*

Walikwenda Kitui Jumatatu, mama na mwana, bila kumwambia Susu Mumbua safari ni ya nini. Khalid alikuwa akimwagilia maua. Alipowaona getini alifunga mfereji, akajifuta mikono kwenye suruali kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Shemeji," alisema.

"Nimekuja na hesabu," Wayua alisema, akamkabidhi ile karatasi. "Ya mtoto. Iangalie uniambie imekosea wapi."

Khalid aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaketi kwenye ngazi ya ukuta na kuisoma tena. Alipofika mwisho aliiweka karatasi chini.

"Mtoto aende akanunue soda," alisema.

"Ameshaandika baya kuliko utakalosema. Atakaa."

Khalid alimtazama Mutindi. "Hesabu yako ni ya kweli," akamwambia. "Siku tatu. Kilomita thelathini na kitu. Siku ya tatu nilianguka kwenye mchanga, mama mmoja mchunga ngamia akanipata, akanitia maziwa mdomoni."

"Wewe?" Mutindi aliuliza.

"Mimi. Aliyekimbia ni mimi. Paja ni langu hili." Akaligusa. "Mbuvi hakukimbia. Hakutoka kwenye handaki."

Wayua hakulia. Alibaki amesimama, mkoba wake begani, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

"Sema," alisema.

Khalid akasema. Walikuwa wawili kwenye handaki upande wa geti. Mlipuko wa kwanza uliwaangushia magunia ya mchanga. Khalid alipigwa pajani, Mbuvi tumboni, na miguu ya Mbuvi ikawa haisikii. Alikuwa akiongea. Risasi zilikuwa zimewaishia. Watu walikuwa wakiingia, sauti zao zikisikika karibu, na Khalid alijua ana nafasi moja ya kuruka nje.

"Alinishika hapa," Khalid alishika ukosi wa shati lake. "Akaniambia, 'Khalid, usiniache.' Nikamwambia nakwenda kuleta mtu wa kunisaidia kumbeba. Hakukuwa na mtu. Nilijua hakuna. Nikaviondoa vidole vyake, nikatoka. Nilipokuwa nje ya ua nikageuka, upande ule wote ulikuwa unawaka moto. Ndiyo maana hawakumpata."

"Ulikuja kwangu," Wayua alisema. "Ukala kwangu. Nilikuchinjia kuku."

"Nilikuja kusema kweli. Nilifika hadi mlangoni na maneno mdomoni. Mama yake akanishika mikono akaniuliza, wewe uliponaje? Nikaanza kumwambia nilivyokimbia. Nikasikia ninasema *yeye*. Nikasema *yeye alikimbia*. Ninyi nyote mkafurahi. Sikuweza kurudi nyuma tena."

"Miaka tisa."

"Ndiyo."

"Nilikwenda Garissa. Nililala chini nje ya hoteli, nikiwaonyesha watu picha ya mtu aliyeungua."

Wayua aliinama, akaokota karatasi, akaikunja kwenye mikunjo yake ile ile. Mutindi alimtazama mtu yule pale chini, akataka kumchukia, akagundua kwamba alikuwa akijiuliza kitu kingine: je, mtu mwenye jeraha la paja angeweza kumtoa mwenzake handakini na kumbeba, na kwa umbali gani, na kwa dakika ngapi. Aliona aibu kwa kufikiri hivyo. Lakini jibu lilikuja lenyewe, nalo lilikuwa hapana.

Alimwambia mama yake hilo baadaye, wakiwa wamesimama barabarani, kwa sauti ndogo. "Hangeweza kumbeba, Mwaitu. Na mguu ule."

"Najua," Wayua alisema. "Lakini angeweza kuniambia." Kisha akamvuta Mutindi, akamshika kichwa kifuani pake hapo mbele ya watu, akalia kwa mara ya kwanza. "Na wewe hukumuua. Sikia? Sahau nilivyokuuliza njiani. Hukumuua wewe."

*

Susu Mumbua alikuwa akipukuchua mahindi uani walipofika. Wayua alipiga magoti mbele yake, akamweleza kwa Kikamba, polepole, hadi mwisho. Mwanamke yule mzee hakuacha kupukuchua. Punje ziliendelea kudondoka kwenye ungo hata alipokwisha kusikia yote.

"Kwa hiyo hakimbii," alisema.

"Hakimbii, Mwaitu."

Ndipo akaweka gunzi chini, akatoa sauti ambayo Mutindi hakuwahi kuisikia kwa mtu. Majirani wa ng'ambo ya bonde waliisikia. Kabla jua halijatua watu walikuwa wakipanda kilima na viti vya plastiki vichwani, na Mutindi ndiye aliyewaonyesha pa kuviweka.

Wayua alitia sahihi barua ya jeshi wiki hiyo hiyo. Mwalimu Gathoni alikuja matangani kila jioni, akaosha vyombo, hakumzungumzia Mutindi habari za mradi. Ibada ilifanywa Alhamisi, bila jeneza, picha ya Mbuvi ikiwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Hakukuwa na kaburi la kuzunguka, kwa hiyo baada ya wimbo wa mwisho watu hawakujua wafanye nini, wakabaki wamesimama.

Ilikuwa wakati huo Mutindi alipomwona Khalid. Alikuwa nje ya ua, chini ya njia, kofia yake mkononi. Inaelekea alikuwa pale tangu mwanzo.

"Mwaitu, amekuja."

Wayua alitazama, kisha akageuza uso. "Asiingie kwangu."

Lakini Susu Mumbua alikuwa amesikia. Aliinuka kwenye kiti chake, akakataa mkono wa kila aliyetaka kumsaidia isipokuwa wa Mutindi, akateremka ile njia ya mawe hatua kwa hatua. Khalid alipomwona akija alipiga magoti kwenye vumbi. Mwanamke mzee alisimama mbele yake, akihema. Mutindi alidhani atamtemea mate, au atampiga kwa fimbo.

Susu alinyoosha mkono, akashika ukosi wa shati lake.

"Hapa?" aliuliza.

"Hapo, Mwaitu."

"Akakuita kwa jina?"

"Aliniita."

"Kwa sauti gani? Ya mtu mwenye hasira?"

Khalid alitikisa kichwa, machozi yakimdondoka kidevuni. "La. Ya kawaida. Kama mtu anayekuomba umpitishie chumvi."

Susu hakumwachilia. Kule juu Wayua alikuwa amewapa mgongo, akikusanya vikombe kutoka mikononi mwa watu. "Niambie tena," mama yake Mbuvi alisema. "Anza mlipoamka asubuhi ile. Usiruke kitu."

Khalid akaanza, na Mutindi, mkono wake ukiwa chini ya kwapa la bibi yake, akasimama hapo akisikiliza yote.